Sura ya Sita: Kilo Mbili na Nusu

Fungua kitabu cha wodi ya wazazi katika hospitali yoyote ya wilaya, kile ambacho wakunga hukiita "cha kumi na mbili" tu kwa kuwa ndiyo namba yake katika vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya. Majina achana nayo. Shuka na safu moja, ya uzito wa mtoto. 3,000. 3,500. 2,500. 3,000. 2,500. Inakuja 3,200, halafu tena 3,000. Watoto hawazaliwi hivyo. Mtoto wa kweli ana gramu 2,780 au 3,140. Safu ikijaa masifuri namna hiyo inakusimulia habari za wodi kuliko za watoto: mizani ni ya mshale na mshale wenyewe unacheza, saa ni tisa usiku, mkunga wa zamu ni mmoja, na kina mama watatu wanasukuma kwa wakati mmoja.

Kati ya namba hizo, 2,500 ndiyo inayouma, kwa sababu ndiyo mpaka. Chini yake mtoto anahesabiwa kuwa na uzito pungufu, na anatakiwa kuangaliwa kwa namna yake: joto lake, kunyonya kwake, kubebwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, tarehe ya kurudi kliniki. Mwenye gramu 2,430 akiandikwa 2,500 anakuwa mzima kwenye karatasi na anaruhusiwa kwenda nyumbani na wenzake. Hakuna aliyedanganya. Mtu aliyechoka alikata kona kidogo, basi.

Kati ya 2017 na 2018 watafiti walikaa kwenye vyumba vya kujifungulia vya hospitali tano za Bangladesh, Nepal na Tanzania, huku kwetu zikiwa Muhimbili na Temeke, wakatazama kwa macho zaidi ya watoto 23,000 wakizaliwa. Kisha walilinganisha walichokiona na kilichoandikwa kitabuni, na tena na alichokumbuka mama alipoulizwa wakati wa kuruhusiwa. Uzito uliosogezwa kwenye namba zenye masifuri ulikuwepo katika nchi zote tatu. Lililonivutia zaidi ni kwamba kitabu, kikijazwa vizuri, kinaweza kuwa shahidi mzuri kuliko kumbukumbu ya mama aliyetoka kujifungua. Mama hajui kama sindano aliyochomwa ilikuwa ya kuzuia damu kutoka au ya kitu kingine, na hana sababu ya kujua.

Kwa hiyo tatizo la hospitali zetu haliko kwenye kuandika. Tunaandika mno. Ukihesabu vitabu vya MTUHA, kadi, fomu za bima, fomu za miradi na sasa vishikwambi, muuguzi wa Iringa au Mbeya anaandika kuliko karani wa mahakama. Namba zenyewe zinasafiri vizuri: zinapigwa tali mwisho wa mwezi, zinajumlishwa kwenye fomu ya taarifa, zinapelekwa halmashauri, zinaingizwa kwenye DHIS2, mfumo ulioenea nchi nzima kufikia mwisho wa 2013, na kutoka hapo zinaonekana Dodoma na popote penye ruhusa ya kuziona. Safari ya kwenda ina njia nzuri. Kinachorudi wodini, mara nyingi, ni vitabu vipya ambavyo havijaandikwa kitu.

Sura hii inahusu safari ya kurudi. Nimechagua kuitazama kutokea Nyanda za Juu Kusini kwa sababu huko kuna jambo la ajabu kidogo: ndani ya jiji moja la Mbeya kuna namba zinazotunzwa kwa uangalifu kuliko karibu popote Afrika Mashariki, na ndani ya jiji hilohilo kuna namba zinazotunzwa kama tunavyotunza risiti za dukani.

Zile za kwanza ni za kituo cha Mbeya cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Kilianza 1996 kama ushirikiano wa Hospitali ya Rufaa ya Mbeya na Chuo Kikuu cha Munich cha Ujerumani, akiwemo mtafiti Michael Hoelscher, na baadaye wakaingia watafiti wa jeshi la Marekani wa mradi wa VVU. Leonard Maboko, aliyekiongoza kwa miaka mingi, baadaye alikwenda kuwa Mkurugenzi Mtendaji wa TACAIDS, tume ya taifa ya kudhibiti UKIMWI. Kwa nini Mbeya? Jibu fupi ni barabara. Njia kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia inapita Iringa, Makambako na Mbeya hadi Tunduma, na malori yanapolala ndipo baa zinapofunguka. Virusi navyo vilikutana njiani: aina za VVU zinazoitwa A, C na D zote zilikuwa zikizunguka Mbeya kwa pamoja, jambo ambalo mtafiti wa chanjo analitafuta kwa tochi.

Mwaka 2000 kituo kiliandikisha wanawake 600, wengi wao wahudumu wa baa, na kuwafuatilia kila baada ya miezi mitatu kwa muda wa miaka minne hivi. Wakati wa kuandikishwa, asilimia 68 walikuwa tayari na maambukizi ya VVU. Namba hiyo isome tena, halafu ukumbuke kwamba dawa za kufubaza virusi hazikuwepo kwenye hospitali zetu kwa wakati huo. Huduma ya CTC, yaani kliniki za tiba na matunzo kwa wenye VVU, ilianza rasmi 2004. Wanawake hao walipewa ushauri na kutibiwa magonjwa ya zinaa kila walipokuja, na magonjwa hayo yakapungua miongoni mwao kadiri ufuatiliaji ulivyoendelea. Hawakuwa wametafutiwa tiba mpya ya ajabu. Walikuwa wanapimwa, wanapewa majibu, wanatibiwa, na miezi mitatu baadaye kuna mtu anauliza kama wamepona.

Ukubwa ulikuja na utafiti wa EMINI, kuanzia 2006 hadi 2011. Maeneo tisa ya mkoa wa Mbeya wa wakati ule, kaya moja katika kila kumi, watu wapatao 18,000, kila mwaka. Timu zilikwenda na magari yenye majokofu mpaka kwenye mashamba ya mpunga na kokoa ya Kyela, zikachukua damu, makohozi, mkojo, zikauliza maswali, na mwaka uliofuata zikarudi kwenye mlango uleule. Kurudi kwenye mlango uleule si kazi ndogo. Watu wanahama, wanaoa, wanabadili jina, wanakwenda Chunya kuchimba dhahabu na kurudi na simu nyingine.

Kyela ilitoa jibu ambalo binafsi naliona kuwa kati ya matokeo makubwa kabisa kuwahi kutoka katika mikoa hii. Kwa muda mrefu wataalamu walikuwa wakibishana kama minyoo inavifungulia VVU mlango, na hoja ilibaki ya maabara. Pwani ya Ziwa Nyasa ina minyoo ya matende na mabusha, na EMINI ilikuwa na damu iliyogandishwa ya watu walewale mwaka baada ya mwaka. Sampuli zikatolewa, zikapimwa minyoo hiyo, na watu wazima na vijana 1,055 ambao mwanzoni hawakuwa na VVU wakagawanywa: wenye minyoo na wasio nayo. Katika wale wenye minyoo, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa 1.91 kwa kila watu 100 kwa mwaka; kwa wasio nayo, 0.80. Baada ya kuondoa tofauti za umri, jinsia na mwenendo, hatari ilikuwa zaidi ya mara mbili. Matokeo hayo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2016, waandishi wake wakiwemo Inge Kroidl, Elmar Saathoff na Lucas Maganga.

Sasa tazama udogo wa msingi wa nyumba hiyo. Maambukizi mapya yote yaliyohesabiwa yalikuwa 32. Kama watano kati ya hao wangepotea kwa sababu karani alikosea tarakimu ya namba ya utambulisho, au kichupa kimoja kingebandikwa lebo ya jirani, hoja yote ingetikisika. Ndiyo maana kwenye vituo hivi kuna utamaduni ambao mgeni anaweza kuuona kama ugonjwa wa akili. Kosa kwenye fomu halifutwi kwa wino mweupe. Linakatwa kwa mstari mmoja ili kilichoandikwa mwanzo kiendelee kusomeka, pembeni unaandika sahihi, unaweka herufi za jina lako na tarehe. Fomu moja huingizwa kwenye kompyuta na makarani wawili, kila mmoja peke yake, kisha mashine inalinganisha. Pasipolingana linazaliwa swali, na swali hilo lina mmiliki na lina siku ya kujibiwa. Mtu anakuja kutoka nje kukagua kama mgonjwa nambari 14 yupo kweli, alisaini kweli, na kipimo chake cha siku ya nane kilichukuliwa siku ya nane.

Utamaduni huo huokoa muda hata pale jibu linapokuwa hapana. Katika majaribio ya dawa za kifua kikuu yaliyofanyika Afrika Kusini na Tanzania kuanzia Mei 2013, Mbeya ikiwa moja ya vituo, wagonjwa 365 waligawanywa kwenye makundi matano ya dawa. Mpango ulikuwa umeandikwa kabla: namba zitaangaliwa katikati ya safari, na kundi lisiloonyesha matumaini litafungwa bila kungoja mwisho. Makundi mawili yaliyokuwa na dawa mpya iitwayo SQ109 yalifungwa hivyo. Kundi lililopewa rifampisini nyingi, miligramu 35 kwa kila kilo ya mwili badala ya 10 za kawaida, lilisafisha makohozi kwa siku 48 kwa kipimo cha kati, dhidi ya 62 za tiba ya kawaida. Wiki mbili mapema, kwa dawa ya zamani iliyozoeleka hospitalini. Kati ya habari mbili hizo, mimi naipenda ile ya kufunga. Ni mara ngapi umesikia hospitali ya umma ikisimamisha utaratibu wake kwa sababu namba zake zimesema haufai?

Hapa ndipo jiji linapogawanyika. Vuka kutoka kituo cha utafiti uingie wodini, na mgonjwa huyohuyo anabadilika kutoka mtu mwenye namba, tarehe na mfuatiliaji kuwa faili linalotafutwa. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya inahudumia mikoa saba: Mbeya yenyewe, Songwe, Iringa, Njombe, Rukwa, Katavi na Ruvuma. Kitengo chake cha wazazi, Meta, kinapokea kina mama walioshindikana kwingine, wengine wakiwa wamesafirishwa usiku kwenye barabara za milimani wakati wa masika. Patografu, chati ya maendeleo ya uchungu, ya mama wa namna hiyo inatakiwa kujazwa kila nusu saa wakati uchungu ukiendelea. Kila aliyewahi kufanya kazi kwenye wodi ya wazazi nchini anajua kwamba nyingi hujazwa kwa mkupuo, mtoto akiwa ameshazaliwa, ili faili likamilike. Mstari unapanda vizuri kabisa, hakuna mama aliyewahi kuwa na uchungu mnyoofu kiasi hicho. Kwa lugha ya mtaani hiyo ni takwimu ya kupika, na aliyeipika hakula nayo chochote.

Usiwalaumu wakunga kwanza. Namba inapikwa pale mwandishi wake anapojua haitaulizwa na yeyote ila mkaguzi. Yule karani wa utafiti hana maadili kuliko mkunga. Ana mtu atakayempigia simu kesho kuuliza kwa nini siku ya nane imeandikwa siku ya tisa. Na ana kazi hiyo moja. Mkunga ana kazi kumi, na hiyo ya kuandika ndiyo ya kumi.

Mbeya yenyewe iliwahi kujaribu kuziba pengo hili kwa njia isiyotegemea mtafiti yeyote. Mwaka 2007 Wizara ya Afya, ikisaidiwa na Wajapani wa JICA, iliichagua Hospitali ya Rufaa ya Mbeya iwe ya kwanza kujaribu S tano na Kaizen, mbinu zilizotoka viwandani Japani na kuthibitishwa kwenye hospitali ya wanawake ya Castle Street mjini Colombo, Sri Lanka. Kwa Kiswahili S hizo ziligeuka Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha na Shikilia, na hata leo ukisema "sasambua" mbele ya mtumishi wa afya wa umri fulani atatabasamu. Vitanda vibovu vilivyojaa kwenye korido vikatolewa, dawa zikapangwa kwa tarehe ya kuharibika, mafaili yakapata rafu na rangi. Kutoka Mbeya utaratibu ukasambaa kwenye hospitali za rufaa za nchi, pamoja na timu zake za kuboresha huduma na kazi ambazo hospitalini huitwa kwa herufi tu, QIT na WIT.

Nina maoni yangu juu ya S tano, na si wote watakubaliana nami. Usafi ulifika mbali kuliko kuhesabu. Hospitali nyingi zilifika S ya tatu, zikabandika bango, zikapumzika. Kaizen yenyewe, ambayo ndiyo hatua inayofuata, inadai upime tatizo kabla hujaligusa na baada ya kuligusa: mgonjwa wa nje alisubiri dakika ngapi Januari, na ngapi Aprili baada ya kuhamisha dirisha la malipo? Bila namba ya Januari, Aprili ni mapambo. Hata hivyo S tano iliacha kitu ambacho miradi ya fedha nyingi haikukiacha, nacho ni kwamba mhudumu wa usafi na daktari bingwa walikaa kikao kimoja wakizungumzia wodi yao wenyewe. Mradi wowote wa namba utakaokuja unapaswa kukalia kiti hicho badala ya kuleta kiti chake.

Ushahidi kwamba namba ikirudi wodini inaokoa maisha tunao, ila haukutoka Nyanda za Juu. Ulianzia zaidi Haydom, hospitali ya Kilutheri huko Mbulu mkoani Manyara, ambako wakunga walifundishwa kumsaidia mtoto asiyepumua katika dakika ile moja ya kwanza. Hospitali nane za Tanzania zilipojaribu mafunzo hayo, matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikishuka kwa asilimia 47. Na "wafu wa sasa hivi", wale ambao kitabu cha kumi na mbili kinawaandika FSB, nao walipungua kwa asilimia 24. Tafakari kidogo maana ya hilo la pili. Mafunzo ya kumpumulisha mtoto hayafufui aliyekufa tumboni. Baadhi ya walioandikwa wafu walikuwa hai, wamelegea, wanangoja mfuko na barakoa. Herufi tatu zilizoandikwa haraka zilikuwa zinaficha watoto.

Baadaye mpango uliokua kutoka hapo ukapelekwa kwenye vituo 30 vya kutolea huduma vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Kulikuwa na vifaa, mdoli wa kufanyia mazoezi na kipimo kizuri cha mapigo ya moyo, lakini kiini chake kilikuwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara yaliyochaguliwa kwa kuangalia namba za wodi hiyohiyo. Kama mwezi uliopita kina mama walitoka damu nyingi, zoezi la wiki hii ni damu. Watoto wapatao 300,000 walihesabiwa. Vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na muda mfupi baadaye vilitoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila 1,000, na vifo vya kina mama vilipungua kwa asilimia 75, kama lilivyoripoti jarida la tiba la New England mwanzoni mwa 2025. Orodha ya mikoa isome tena. Haimo Mbeya, haimo Iringa, haimo Njombe wala Songwe. Mikoa yenye historia ndefu ya utafiti kuliko mingi nchini ilitazama hili kwa mbali.

Mtu anaweza kuuliza kama kuna haja ya yote haya, ikiwa takwimu za taifa zimeshakuwa nzuri. Utafiti wa kaya wa 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Viongozi wakashangilia, na wana haki ya kufurahi. Lakini Shirika la Afya Duniani na wenzake, kwa hesabu zao, waliiweka Tanzania ya 2020 kwenye 238. Tofauti hiyo haina mchawi. Utafiti wa kaya huwauliza wanawake kuhusu dada zao waliofariki katika miaka ya karibuni, na kifo cha uzazi, tushukuru, ni tukio adimu kiasi kwamba sampuli ya kaya inapapasa gizani. Namba ngumu ingetoka hospitalini: kila kifo kuripotiwa ndani ya saa 24 na kujadiliwa kwenye kikao, kama mwongozo wa wizara unavyotaka. Vikao hivyo vinafanyika. Tatizo ni hofu. Kikao kikianza kwa "nani alikuwa zamu?" kifo kinachofuata kitaandikwa kuwa mama alifika akiwa amechelewa mno.

Iringa ina somo la aina nyingine, na halikupatikana wodini. Utafiti wa 2016/17 ulionyesha Njombe asilimia 11.4, Iringa 11.3 na Mbeya 9.3 ya watu wazima wakiishi na VVU, wakati taifa lilikuwa karibu asilimia 5. Kati ya 2015 na 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani na MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, wakiwemo Deanna Kerrigan na Jessie Mbwambo, waliendesha mradi wa Shikamana katika miji miwili ya barabarani mkoani humo, Ilula na Mafinga. Wanawake 496 wanaofanya biashara ya ngono waliandikishwa. Katika mji mmoja walipata huduma za kawaida. Katika mwingine waliongezewa kituo chao wenyewe cha kukutania, waelimishaji waliotoka miongoni mwao, kliniki iliyowafuata waliko, na semina kwa watoa huduma na polisi. Baada ya miezi 18, maambukizi mapya yalikuwa asilimia 5.0 katika mji ulioongezewa huduma na 10.4 katika ule wa huduma za kawaida. Linganisha na wale 600 wa Mbeya wa mwaka 2000. Barabara ni ileile na kazi ni ileile, ila safari hii wanawake wenyewe walikuwa na mahali pa kukaa na kuuliza namba zinasema nini kuwahusu.

Kuuliza ndiyo haki ambayo watafiti wetu wa zamani waliisahau. Kuchota damu katika nchi yenye hadithi za mumiani hakujawahi kuwa jambo la maabara tu, na Mbeya ilikuwa na hofu yake yenyewe ya wachuna ngozi katika miaka ileile timu za utafiti zilipokuwa zikigonga hodi. Mzee anayeambiwa zinatolewa mililita 20 hajaambiwa kitu. Akiambiwa ni vijiko vinne vya chai, anaweza kukubali au kukataa akijua anachokataa. Fomu ya ridhaa nzuri inasema hivyo kwa Kiswahili chepesi, na asiyejua kusoma anaweka dole gumba mbele ya shahidi aliyemchagua. Kamati ya maadili ya taifa chini ya NIMR inakagua fomu hizo, TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, inaidhinisha majaribio ya dawa, na tangu Mei 2023 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Upande wa utafiti una walinzi wa kutosha. Taarifa za kawaida za hospitali, zinazopigwa picha kwa simu na kutumwa kwenye makundi ya WhatsApp ya idara, hazina mlinzi hata mmoja anayelala macho.

Kuna kona moja ya hospitali zetu za umma ambako namba hurudi kila siku, nayo ni CTC. Mteja anabaki na kadi ya CTC1, kliniki inabaki na CTC2, na taarifa zake zinaingizwa kwenye kompyuta. Asubuhi inatoka orodha ya miadi. Jioni inatoka orodha ya waliokosa kuja. Kesho yake mtoa huduma ngazi ya jamii anayo mkononi akitafuta nyumba, na akimkuta mtu amehamia kwa dada yake Uyole, hilo nalo linaandikwa. Virusi kwenye damu vinapimwa, na majibu yakiwa mabaya mteja anaitwa kabla ya tarehe yake. Mkunga wa Meta akipewa kitu kama hicho kuhusu watoto wa chini ya kilo mbili na nusu walioruhusiwa wiki iliyopita, hatahitaji semina ya kumfundisha umuhimu wa takwimu.

Kwa nini CTC inaweza na wodi ya wazazi ishindwe? Kwa sababu CTC ina mtu wa takwimu. Kwa miaka ishirini mtu huyo, katika vituo vingi, amelipwa kwa fedha za Marekani kupitia miradi. Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na watumishi wa miradi katika nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, wakaambiwa waache kazi. Ilidhihirika kwa siku chache nani alikuwa anaichapisha ile orodha ya jioni.

Katika ikama ya hospitali, nafasi ya mtunza kumbukumbu za afya ipo, na vyuo vinawatoa vijana wa fani hiyo kila mwaka. Wengine wanaendesha bodaboda. Mshahara wa mmoja unaweza kulipwa kwa mkataba kutoka mapato ya ndani, kama hospitali zinavyofanya kwa walinzi na wafanya usafi. Mganga Mfawidhi wa Iringa au Mafinga anayetafuta pa kuanzia hahitaji programu mpya. Anunue mizani mbili za kidijitali za watoto, ampe kijana huyo kitabu cha kumi na mbili na dawati ndani ya wodi, siyo kwenye jengo la utawala, na adai namba tano ziandikwe ubaoni kila Jumatatu kabla ya ripoti ya asubuhi: waliozaliwa, waliokufa, wenye uzito pungufu, waliotoka damu nyingi, waliosubiri upasuaji zaidi ya saa moja tangu uamuzi. Wiki ya kwanza zitabishaniwa, na mabishano hayo yaachwe yaendelee.